Maziwa ya Yatima: Malezi ya Jamaa huko Diff

Huko Diff, mji mdogo wa Wajir Kusini nchini Kenya, ulio mpakani na Somalia, mtoto akifiwa na baba, jamaa hawakukaa kikao kuamua nani amchukue. Kwa desturi ya dumaal, ndugu wa marehemu alimwoa mjane na watoto wakabaki palepale. Mama akifa, fiqhi ya Shafi ilimtanguliza nyanya wa upande wake. Mlezi hakumpa mtoto jina lake. Sura ya 33 ya Qurani inaagiza watoto waitwe kwa baba zao, na Msomali anayehesabu abtirsi, mababu zake mmoja mmoja, hawezi kuruka hata mmoja. Huruma ya malezi haya imesifiwa sana, na inastahili. Nguzo isiyotajwa sana ni mifugo. Mtoto alipozaliwa alitengewa mnyama, zawadi iitwayo xuddun-xir, na wazao wa mnyama huyo walikuwa wake. Yatima aliingia kwa amu yake akiwa na maziwa yake.

Itasemwa kwamba walezi wengine walikula mali hiyo na kumgeuza yatima mchungaji wa bure. Ni kweli, sura ya 4 ya Qurani isingekemea vikali hivyo jambo lisilotendeka. Lakini jambo hilo liliitwa dhuluma, na wazee waliojua mnyama yupi ni wa nani waliweza kumsimamisha mlezi na kumdai. Kisha vikaja vita vya shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967. Kuanzia 1966 serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vya lazima. Malisho ya karibu yakaisha, mifugo mingi ikafa au ikatwaliwa. Mapatano ya Arusha kati ya Kenya na Somalia yalifikiwa Oktoba 1967, na 1968 Young Muslim Association ikafungua makao ya watoto mjini Garissa. Wapo wanaoyahesabu makao ya namna hiyo kuwa ushahidi kwamba ukoo ulichoka kulea. Mfuatano wa miaka hiyo unanishawishi vingine: akina amu na nyanya walikuwapo, ila zizi lilikuwa tupu.

Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala, malezi ya Kiislamu yasiyobadili nasaba, na hilo ni jema. Hata hivyo, msaada kwa nyanya wa Diff baada ya ukame kama wa 2011 ungepaswa kuanza na mbuzi wa kukamuliwa, walioandikwa kwa jina la mtoto mwenyewe mbele ya wazee.