Mali ya Mtu, Sheria ya Nani? Karafuu, Bunduki na Watu wa Fundo

Kisiwa cha Fundo kimelala magharibi ya Wete, kirefu na chembamba, mgongo wa mawe ya matumbawe. Upande wa mashariki kuna maji ya ndani, matulivu, na ng'ambo yake ni mashamba ya mikarafuu ya Wete na Mtambwe. Upande wa magharibi ni maji makuu: Mkondo wa Pemba, kina chake mamia ya mita, upana wake kilomita 50 hivi, na ukishauvuka uko Vanga, Wasini au Shimoni, karibu na njia ya Mombasa. Anayeijua ramani hii ameshajua kwa nini serikali zilizotawala Pemba zimewatazama watu wa Fundo kwa jicho la shaka. Mikarafuu haistawi kwetu, lakini mlango wa kutokea uko kwetu.

Naandika nikiwa mtu wa Fundo, mtoto wa nahodha, na raia ninayeshikilia jambo moja: mali aliyoitolea mtu jasho ni yake. Sheria inayomnyima uamuzi juu ya mali hiyo bila ya kumuuliza ni unyang'anyi, hata ikipigwa muhuri.

Biashara yetu ina umri mkubwa kuliko serikali zote hizo. Kusini kidogo ya Wete, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 watafiti wa mambo ya kale walifukua hazina ya sarafu za karne ya 11: dinari za dhahabu zilizotoka nchi za mbali, na pamoja nazo sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa huku huku pwani. Wazee wa maji haya walikuwa wakinunua na kuuza na dunia nzima karne nane au tisa kabla ya kuambiwa kwamba ipo bidhaa yao ambayo mnunuzi wake ni mmoja tu.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1890. Mwaka huo Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka huo huo huko Brussels mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa kupiga vita biashara ya utumwa. Lengo hilo lilikuwa la haki, na hakuna mtu mwenye utu atakayelipinga. Lakini ndani ya mkataba huo yaliwekwa masharti ya kuzuia bunduki na baruti kuingia katika eneo kubwa la Afrika, tangu latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Kwa hiyo katika miaka ile ile Wazungu walipokuwa wakigawana Afrika kwa mizinga na bunduki za kisasa, Mwafrika aliwekewa sheria ya kumzuia kupata silaha ya aina hiyo hiyo. Mwaka 1791 Wamarekani walikuwa wameandika katika katiba yao haki ya raia kumiliki silaha, kwa sababu walikuwa wametoka kupigana na dola na hawakutaka dola peke yake ibaki na bunduki. Kwetu swali hilo halikupata kuulizwa. Bunduki imekuwa ya dola tangu hapo, na raia ameachiwa mikono mitupu.

Karafuu nazo zilikuwa zimeshapanda thamani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya zao. Penye utajiri, mtunga sheria hakawii kufika. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliunda Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, na mwaka 1937 ikatunga sheria iliyoipa jumuiya hiyo mamlaka juu ya ununuzi na usafirishaji wa zao. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, India ikasusia karafuu za Zanzibar, na mwaka 1938 serikali ikalazimika kutafuta suluhu. Fundisho ninaloliona hapo ni hili: wafanyabiashara walikuwa na nchi nzima nyuma yao ya kuwasemea. Mchumaji wa Mtambwe na nahodha wa Fundo hawakuwa na wa kuwasemea.

Usiku wa tarehe 12 Januari 1964, waasi walivamia ghala la silaha la polisi pale Ziwani, Unguja. Aliyeishika bunduki usiku ule ndiye aliyekuwa serikali asubuhi. Katiba ya uhuru, ambayo haikuwa imetimiza hata miezi miwili, ikafutwa, na Baraza la Mapinduzi likawa linatawala kwa amri. Wapo waliopata ardhi na hadhi ambayo hawakuwahi kuipata chini ya Sultani aliyepinduliwa, na hilo siwezi kulikana. Lakini kwa miaka 16, mpaka Baraza la Wawakilishi lilipokutana kwa mara ya kwanza Januari 1980, Zanzibar haikuwa na chombo ambamo mkulima angeweza kumtuma mtu akaipinge sheria kabla haijapita.

Amri zikafuatana. Ardhi yote ikawa ya serikali. Karafuu zote zikawa lazima ziuzwe kwa serikali, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, liwe ndiye mnunuzi. Kuvusha karafuu kwenda ng'ambo kukafanywa kosa la kumfikisha mtu kwenye adhabu ya kifo. Mahakama za wananchi zikaanzishwa, na ndani yake mshitakiwa hakuruhusiwa wakili. Pemba wazee wanayaita masiku ya mwanzo ya Mapinduzi siku za bakora, kwa sababu ya watu wazima waliochapwa hadharani. Zikafuata siku za njaa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele wa kutoka nje ulipozuiwa na chakula kikawa cha mgao. Kijana aliyetia magunia ya karafuu kwenye mashua na kungoja giza hakuwa akitafuta utajiri. Alikuwa akifuata mchele, unga na kanga za mkewe.

Bibi yangu mzaa baba alirithi mikarafuu michache Mtambwe. Msimu mmoja alichuma na wajukuu zake, akachambua makonyo kwa mkono, akaanika juu ya jamvi mpaka karafuu zikawa za rangi ya kahawia na kukatika kwa mlio zikivunjwa. Nusu gunia akaipakia kwenye ngalawa aje nayo nyumbani Fundo, aiweke mpaka apate nafasi ya kwenda kuiuza. Pwani alikuta wakubwa wawili wa serikali.

"Bibi, Fundo hakuna hata mkarafuu mmoja. Hizi zimefuata nini huku?"

"Zimenifuata mimi mwenye nazo, mwanangu."

Walilichukua gunia. Hawakumpa risiti wala senti. Hakushitakiwa, na kila aliyemhadithia alimwambia ashukuru. Hilo la kushukuru ndilo linaloniuma mpaka leo. Kuwa na karafuu zako mwenyewe kwenye kisiwa chenu wenyewe kulihesabiwa kuwa ushahidi wa magendo, na kuachiwa bila ya kifungo kukahesabiwa kuwa hisani.

Na fedha zilikwenda wapi? Katika miaka ya 1970 Indonesia ilinunua karafuu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake za kretek, na bei ya dunia ikapanda juu sana. Mkulima wa Pemba alipewa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Pengo baina ya bei ya kituo cha serikali na bei ya Mombasa ndilo lililozaa magendo, na serikali iliyolizaa pengo hilo ikaunda kikosi maalumu chenye maboti na bunduki kulilinda. Baadaye Indonesia ikapanda mikarafuu yake na bei ikaanguka katika miaka ya 1980. Mkulima ambaye hakufaidi wakati wa neema ndiye aliyebeba hasara ya dhiki.

Bunduki za dola hazikuishia kwenye karafuu. Tarehe 27 Januari 2001 wananchi walitoka kuandamana Wete, Chake Chake na Micheweni kupinga uchaguzi wa mwaka 2000, na vyombo vya dola vikawafyatulia risasi. Tume iliyoundwa na Rais, chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ilitaja vifo 31 kwa Zanzibar nzima. Mashirika ya haki za binadamu yalitaja zaidi. Watu zaidi ya 2,000 walivuka maji makuu wakawa wakimbizi Shimoni. Njia ile ile iliyokuwa ikipitisha magunia, safari hii ilipitisha mama na watoto.

Sidai kwamba kila nyumba ya Fundo iwe na bunduki. Ninachodai ni kwamba mwenye bunduki afungwe na sheria zaidi kuliko asiye nayo. Kwetu imekuwa kinyume: wavuvi na wachumaji wamefungwa mikono kwa sheria juu ya sheria, na aliyebeba silaha hajaulizwa sawasawa.

Kwamba yapo mengine yanayowezekana, tumeyaona wenyewe. Mwaka 2011 serikali ilimpandishia mkulima bei, ikaahidi kumpa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na magendo yakapungua sana. Kazi iliyoshindikana kwa tishio la kitanzi ilifanywa na bei ya haki. Na huku baharini, Kisiwa Panza na visiwa vingine vya Pemba, wanakijiji wamekaa wakakubaliana kufunga sehemu za mwamba kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue, kisha wakafungua na kuvua pamoja. Hapo mlinzi wa sheria ni jirani yako, kwa sababu walioitunga ni wewe na yeye.

Hata hivyo, sheria ya karafuu ya mwaka 2014 imeliacha lile la msingi kama lilivyokuwa: mnunuzi ni mmoja, na anayemuuzia mwingine ni mhalifu. Bei nzuri inayotegemea hisani ya mkubwa inaweza kuondoka na mkubwa huyo. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda haki ya mtu katika mali yake. Nawaomba wawakilishi wetu waichukue katiba hiyo kwa mkono mmoja na sheria ya karafuu kwa mkono wa pili, wazisome zote mbili, kisha waje Mtambwe na Fundo kutuuliza kabla hawajapitisha nyingine. Mkulima aachiwe huru kumuuzia anayempa bei bora. Serikali ikitaka karafuu zake, na ishindane naye kwa bei.