Wazee, Ardhi na Karatasi

Ewe msomaji kijana, ukitoka Malindi kwenda kaskazini, ukiisha kupita Mambrui, utafika Gongoni, nchi ya chumvi. Huko, kama mahali pengi pwani, wazee waliijua mipaka ya mashamba kwa miti na makaburi, wala si kwa karatasi.

Mwaka 1908 Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi. Mwenye ardhi alitakiwa kuidai kwa maandishi. Isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Wamijikenda wengi hawakudai, na vizazi vyao wakawa maskwota juu ya ardhi ya babu zao. Tangu hapo, ajuaye karatasi alimshinda asiyeijua. Hata leo mlaghai humjia mzee kwa maneno matamu, akamtaka atie dole gumba.

Kinga ipo. Sheria ya mwaka 1967 ilitaka mauzo ya mashamba yapate kibali cha bodi. Nayo Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inataka wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Lakini sheria haitamsomea babu yako. Wewe uliyefundishwa kusoma, msomee kila neno kabla hajatia dole.