Jina Moja, Vyumba Vingi: Habari za Viasi vya "Paka-Mwitu" Huko Marekani

Wawindaji na walenga shabaha wa Marekani hukiita "paka-mwitu" kiasi cha bunduki kisichotengenezwa na kiwanda, bali kilichobuniwa na fundi kwa kulibadili umbo ganda lililokwisha kuwako. Shingo ya ganda hubanwa ipate kupokea risasi nyembamba, au bega lake husogezwa mbele ili baruti ipate nafasi zaidi. Jina hilo lafaa. Paka huyo hana bwana, na kiasi hicho nacho hakikuwa na kipimo kilichowekwa mahali ambapo mafundi wote wangeweza kukitazama.

Kipimo kilikaa katika chombo cha kuchongea. Chombo hicho ni cha chuma, chenye makali ubavuni, nacho huzungushwa katika upande wa nyuma wa mtutu hata kipatikane chumba chenye umbo la ganda. Aliyekichora ndiye aliyekuwa sheria. Tena kila kiliponolewa kilipungua unene, hata vyumba viwili vya fundi yule yule huenda visilingane.

Mfano ulio wazi ni ule wa ganda la .250 Savage, kiasi alichokibuni Charles Newton kikatokea mwaka 1915. Katika miaka ya 1930 mafundi kadhaa walilibana ganda hilo lipokee risasi ya .22, kila mmoja kwa namna yake. J. E. Gebby, pamoja na J. Bushnell Smith, alikiita chake "Varminter", akalisajili jina hilo liwe mali yake. Wenzake, kwa kuwa hawakuweza kulitumia, walisema ".22-250" tu. Jina la tarakimu huonekana kama kipimo, kumbe hili lilikuwa nasaba: lilitaja risasi na mzazi wa ganda, lisiseme neno juu ya pembe ya bega wala upana wa shingo. Kampuni ya Browning ilianza kuuza bunduki za kiasi hicho mwaka 1963, wakati bado hakuna kiwanda kilichokitengeneza. Remington ndiyo iliyokitoa kiwandani mwaka 1965, na kwa hiyo kikapata vipimo vya kudumu.

Tofauti zenyewe zilikuwa za elfu chache za inchi, lakini si za kudharauliwa. Chumba kikiwa kirefu kupita kiasi, ganda hunyooka linapofyatuliwa, na pengine hukatika, hewa ya moto ikarudi kwa mpigaji. Shingo ya chumba ikiwa nyembamba mno, ganda haliwezi kuiachia risasi, na msukumo hupanda mpaka wa kuvunja chuma.

Wala kuingia kiwandani hakukumaliza matata. Kiasi cha Ned Roberts, kilichotokana na ganda la Mauser la milimita 7, kilikuwa na bega la nyuzi 15. Remington ilipokitoa mwaka 1934 kwa jina la .257 Roberts, bega lilifanywa la nyuzi 20 na dakika 45. Waliokuwa na bunduki za awali walijikuta na jina lililo karibu sawa na chumba kilicho mbali.

P. O. Ackley aliliona jambo hili vizuri kuliko wengi. Alitaka chumba chake "kilichoboreshwa" kiwe kifupi kwa elfu 4 za inchi kuliko chumba cha asili, ili kiasi cha kiwandani kikamatwe barabara kati ya komeo na mwanzo wa bega, kisha kifyatuliwe kwa salama na kujipatia umbo jipya. Si mafundi wote waliofuata shauri hilo; wengine walibadili pembe ya bega wakaacha urefu kama ulivyokuwa. Kampuni ya Nosler ilipoisajili .280 Ackley Improved mwaka 2007 kwa SAAMI, chama cha watengenezaji kilichoanzishwa mwaka 1926, vyumba vya baadhi ya bunduki za zamani havikulingana na vipimo vilivyoandikwa.

Basi fundi mwangalifu akiletewa bunduki kuukuu ya "paka-mwitu" hayaamini maandishi yaliyochorwa juu ya mtutu. Huyeyusha madini laini, akayamimina chumbani, akangoja yagande. Kisha huyatoa na kuyapima kabla ya kutia kiasi chochote.