Laini ya E1
Laini ya E1 ni kiungo cha simu cha kidijitali kinachobeba biti 2,048,000 kwa sekunde. Kiwango hicho kimetokana na sauti: simu moja hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, yaani kilobiti 64. Nafasi za kiwango hicho kwenye laini ziko 32, ila kwa kawaida 30 tu ndizo za mazungumzo. Kupata baiti, gawanya kwa 8: kilobaiti 256 kwa sekunde, au 250 kwa anayehesabu kilobaiti kuwa baiti 1,024, na hapo ndipo wengi hubishana bure. Faili la megabaiti 10 huchukua sekunde zisizopungua 39. Laini ya T1 ya Marekani, iliyoanza mwaka 1962, hubeba biti 1,544,000 kwa sekunde, sawa na kilobaiti 193.