Nyonga Mpya Asubuhi, Nyumbani Jioni

Msomaji, bila shaka umepata kumwona mzee akiinuka kitini kwa taabu, mkono mmoja umeshika mkongojo na wa pili umeshika ukuta. Gegedu lililokuwa likitenganisha mifupa ya nyonga au goti lake limelika, na sasa mfupa wasaga mfupa. Maradhi hayo hayaui ghafla, lakini humnyang'anya mtu hatua zake moja moja.

Mwezi wa Novemba 1962, daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, alianza kutia nyonga za namna mpya: kichwa cha chuma kisichoshika kutu ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Kikombe chake cha awali, cha Tefloni, kilikuwa kimelika upesi na kuwadhuru wagonjwa. Hakuficha kosa lake. Alijitia hata chembe za kitu hicho katika paja lake mwenyewe apate kujua madhara yake. Siku zile aliyepasuliwa alilala hospitalini kwa majuma.

Katika miaka ya 1990, daktari Henrik Kehlet wa Denmark alichunguza ni nini hasa kimzuiacho mgonjwa kitandani. Jibu lilikuwa maumivu, kichefuchefu, kizunguzungu na udhaifu wa mwili. Mambo hayo yalipotibiwa mapema, na mgonjwa akasimamishwa saa chache baada ya kupasuliwa, siku za kulala zikapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Marekani, baadhi ya wagonjwa walirudi nyumbani jioni ile ile.

Kisha yakaja maradhi ya Korona. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa yameenea ulimwenguni, na katika nchi nyingi upasuaji uwezao kungoja ukasimamishwa. Mwezi wa Mei uchunguzi wa wagonjwa 1,128 kutoka nchi 24, waliopasuliwa huku wameambukizwa, ulionyesha kuwa karibu mmoja katika kila wanne alikufa katika siku 30. Wengi wao walipasuliwa kwa dharura, lakini onyo lilikuwa kubwa. Wakati huo wenye nyonga mbovu walikuwa wakingoja na maumivu yao.

Upasuaji uliporejea, kurudi nyumbani siku ile ile kulileta faida mbili: kitanda kiliachwa kwa mahututi, na mgonjwa alikaa saa chache kati ya wagonjwa wengine.

Je, ni salama? Kwa waliochaguliwa vema, uchunguzi mwingi haukuona madhara zaidi kuliko kwa waliolala. Lakini mwenye moyo dhaifu, mwenye kisukari kisichotulizwa, au asiye na mtu wa kumwangalia nyumbani, afadhali alale. Mgonjwa alipimwa Korona kwanza. Na aliyeipata alishauriwa, tangu 2021, angoje majuma saba ikiwezekana. Hata nyumbani ilipasa kuangaliwa mguu usivimbe, kidonda kisitoe usaha, na pumzi isibane.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nawe, msomaji, ukiwa daktari siku moja, usimpime mgonjwa wako kwa methali moja tu. Uliza kwanza: huyu ni nani, na nyumbani kwake anangojwa na nani?