Chapa, Wayo na Kishwara

Neno alama tumelichosha. Ni alama za mtihani, alama za barabarani, alama za vidole, za viatu, za tairi. Tangu 2021 sheria ya Tanzania inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mtaalamu anayetoa ushahidi wa jinai anahitaji maneno yanayopambanua. Mlinzi mwenzangu wa lugha, tuyapime pamoja.

Dole gumba. Asiyejua kuandika hutia dole gumba, na dole hilo ni sahihi yake: ametoa kwa hiari, mbele ya watu. Kidole kilichogusa kioo cha dirisha usiku hakikutia kitu, kiliacha. Tuvilinde vitenzi hivi viwili. Alama iliyotiwa hukiri. Alama iliyoachwa husubiri kulinganishwa.

Alama ya siri. Ndivyo wengine wanavyoiita ile isiyoonekana mpaka ipakwe unga. Lakini siri ina mwenyewe anayeitunza, na jasho la kidole halikukusudia kuficha lolote. Naona alama fiche inafaa zaidi, kama tusemavyo maana fiche: fiche hueleza hali, haimshuku mtu.

Chapa. Neno hili lilitujia kutoka Bara Hindi, na huko ndiko elimu ya vidole ilikopangwa. Huko Calcutta, Azizul Haque na Hem Chandra Bose walifanya kazi kubwa ya kuziainisha chapa za vidole, ingawa mfumo ulibeba jina la mkuu wao, Edward Henry. Chapa liwe jina la alama iliyolala juu ya kitu kigumu, kama vumbi la soli kwenye sakafu. Iliyodidimia katika tope tuiite mbonyeo. Chapa hupigwa picha na kuinuliwa kwa utepe. Mbonyeo humiminiwa plasta. Kazi mbili, majina mawili.

Tao, kitanzi, kizingo. Mistari ya kidole hujipanga kwa sura tatu kuu. Inayoinuka katikati na kushuka upande wa pili ni tao, na neno hilo halina ila. Inayozunguka ni kizingo, kutokana na kuzinga. Mzingo tuuache, hesabu imekwisha kuuchukua. Inayoingia, ikapinda, ikarudi ilikotoka huitwa kitanzi. Hapo nasita. Kitanzi hunasa na hunyonga, na mshtakiwa hastahili kukisikia kabla ya hukumu. Mabaharia wetu wana kishwara, kipete cha kamba kinachoshikilia kasia. Umbo ni lile lile, bila kumtisha mtu.

Panda. Mstari mmoja ukigawanyika kuwa miwili, tunalo panda tayari, lile la njia panda. Unapokatika, ni kikomo. Hapa hatuna haja ya kukopa.

Wayo. Neno moja hubeba upande wa chini wa mguu na alama yake. Wayo mmoja huonyesha mguu. Nyayo zikifuatana huonyesha mwendo, upana wa hatua na upande uliochechemea. Utajiri huo ubaki kwa mguu mtupu. Kiatu kina soli, basi tuseme chapa ya soli au mbonyeo wa soli.

Kashata. Madereva wa Tanzania huyaita hivyo matuta ya tairi, na tairi lililokwisha kashata huitwa kipara. Maneno haya yaingie kortini yalivyo. Palipofungwa breki tairi likasota, pana mburuzo. Palipopita likizunguka, pana chapa au mbonyeo wa kashata. Shahidi anayeviita vyote alama ya tairi anamnyima hakimu tofauti ya aliyejaribu kusimama na aliyepita tu.

Katambuga, kiatu cha tairi kuukuu, ndicho kipimo cha istilahi zetu. Kikikanyaga tope, kashata hujichora ndani ya umbo la mguu. "Alama ya tairi" itampeleka mpelelezi kutafuta gari. "Mbonyeo wa soli yenye kashata" utamweka kwenye mkondo wa mtu anayetembea. Kabla ya kuunda neno jipya, basi, tuwaulize mafundi viatu, madereva na mabaharia: mengi tunayoyatafuta wanayatumia kila siku.