Hesabu ya kemia iliyodhibiti madini ya risasi Washington

Januari 2004, gazeti la Washington Post liliwashtua wakazi wa mji mkuu wa Marekani. Kati ya nyumba 6,118 zilizopimwa, zaidi ya 4,000 zilikuwa na madini ya risasi kwenye maji ya bomba kupita mikrogramu 15 kwa lita, kiwango kilichoilazimu mamlaka ya maji kuchukua hatua.

Chanzo kilianzia Novemba 2000. Mtambo wa Washington Aqueduct uliacha kutibu maji kwa klorini peke yake ukahamia kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, ili kupunguza sumu zinazozaliwa klorini inapokutana na uchafu wa asili. Kumbe klorini ilikuwa imejenga ndani ya mabomba ya kale ya risasi utando mgumu wa oksidi ya risasi. Ilipoondoka, utando ukaanza kumumunyika. Arlington na Falls Church, majirani wa Washington upande wa Virginia, nao walitegemea mtambo huohuo.

Dawa iliingizwa Agosti 2004: fosfeti. Msingi wake uliwekwa mwaka 1889 na Mjerumani Walther Nernst. Alichukua asetati ya fedha, chumvi isiyomumunyika sana, akaiongezea chumvi nyingine yenye ayoni za fedha au za asetati. Kila mara, sehemu ya chumvi ya kwanza ilijitenga na maji. Maji yakishashiba chumvi, zao la viwango vya ayoni zake halibadiliki. Ayoni moja ikizidi, mwenzake hupungua.

Hesabu hii leo ni zoezi la kawaida la kemia ya mwaka wa kwanza katika vyuo kama Northern Virginia Community College (NOVA). Fosfeti ya risasi, chumvi inayoundwa dawa hiyo inapokutana na risasi, ina ayoni tatu za risasi kwa mbili za fosfeti. Hivyo, mchemraba wa kiwango cha risasi ukizidishwa kwa mraba wa kiwango cha fosfeti, jibu ni lilelile. Fosfeti ikiongezwa mara 8, mraba wake huwa mara 64, na risasi hushuka hadi robo.

Ndani ya bomba halisi mambo huwa magumu zaidi, kwani asidi na madini mengine huingilia. Hata hivyo, kufikia 2005 mji ulikuwa umerudi ndani ya kiwango cha mikrogramu 15. Ila fosfeti haiondoi risasi. Huizuia tu, na lazima iongezwe siku zote. Ndiyo maana Oktoba 2024 serikali ya Marekani iliagiza mabomba mengi ya risasi nchini yang'olewe ndani ya miaka 10.